Chokaa kwenye Msalaba wa Llanweirydd

Jumapili, 19 Machi

Leo tena nimeshindwa kutulia. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimepanga kabati la vyombo, nikalipangua, nikalipanga tena vilevile lilivyokuwa. Halafu nikavaa koti nikaenda kanisani kuuangalia msalaba — kuangalia nini, wakati nguzo imefunikwa magunia tangu juu mpaka chini? Siwan, mwashi wetu, kasema chokaa ya kwenye maungio bado mbichi, baridi ikiipata itamomonyoka. Kwa hiyo nimeangalia magunia. Nimerudi nyumbani. Nimeenda tena kuyaangalia.

Zimebaki wiki mbili ifike Jumapili ya Maua, ndiyo Jumapili ya Matawi, siku ambayo huku tunapamba makaburi. Askofu anakuja kuubariki. Tangu wale askari waliochukia sanamu walipoukata kichwa, watu wote wa kijiji hiki wamezaliwa na kuzikwa wakiona kisiki tu juu ya ngazi, mahali pa watoto kurukia. Mimi mwenyewe nimerukia pale nikachubuka magoti. Sasa una nguzo nzima, na Alhamisi kichwa kipya kinapandishwa. Nani alianza kelele za kuutengeneza? Mimi. Nani kaoka keki za harambee mpaka jiko likaomba likizo? Mimi. Nani atatoa hotuba mbele ya askofu? Bwana Rhydderch, mwenyekiti wa kamati, kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu na ana sauti. Haya.

Idwal kaja kula mchana. Kaka yangu haoni cha kusisimkia. Kasema jiwe limekaa miaka mia nne bila kichwa na hakuna aliyelisikia likilalamika. Kasema hayo huku anamaliza viazi vyangu kwa raha zake. Tangu Eirwen, mke wake, afariki mwezi wa kumi, anakula kwangu kila Jumapili, na bado sijasikia hata siku moja kwamba chakula kimekuwa kitamu.

Jumanne, 21 Machi

Lowri kapiga simu kutoka Cardiff. Jirani kamwambia habari ya mayai. (Jirani gani? Namjua jirani gani.) Idwal, baba yake, alibandika mayai jikoni akatoka kwenda kupogoa waridi. Maji yakakauka, mayai yakapasuka mpaka kwenye dari. Mayai tu. Nani hajawahi kuunguza kitu kwenye nyumba yake?

Lowri ni mtoto mzuri, sisemi. Lakini tangu mama yake afe ameokota sauti moja — polepole, laini, ya juu kidogo, kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Baba yake anaongeleshwa hivyo siku hizi. Kuna nyumba ya wazee karibu na kwake, kamtafutia nafasi, chumba kina dirisha linalotazama bustani. Nikamwambia baba yako ana bustani tayari, tena ya kwake.

"Shangazi," akasema, "likitokea jambo jingine moja tu, namchukua. Siwezi kukaa ofisini kila siku roho iko juu juu."

Nikamwambia yangu iko juu juu tangu nizaliwe na hakuna aliyenichukua popote. Hakucheka.

Idwal akiondoka, nyumba yake itauzwa kwa watu wa mjini wanaokuja mwisho wa wiki na mbwa wao. Ukuta wangu na wake ni mmoja. Nikikohoa, yeye anagonga upande wa pili kuniuliza kama nimekufa. Nitabaki nakohoa peke yangu. Ndiyo, nimesema. Simtetei kaka yangu tu, najitetea na mimi.

Alhamisi, 23 Machi

Kichwa kimepanda!

Kama nyumba ndogo ya jiwe, pande nne, kila upande una watu wake: Yesu msalabani, Bikira na mtoto, mtakatifu wetu Gweirydd na fimbo yake, na askofu mmoja asiye na jina. Siwan kachonga mwaka mzima. Jiwe lina rangi ya asali. Lilipoanza kuinuka kwenye kamba nilimshika mkono kasisi Nerys mpaka akaniomba nimwachie, vidole vimekufa ganzi.

Na kabla hakijakaa, ugomvi. Rhydderch anataka upande wa Yesu uelekee barabarani, wageni wapate kupiga picha bila kusumbuka kuingia. Nikamwambia upande ule huelekea magharibi, misalaba yote ya huku ni hivyo, ili anayemtazama Yesu awe ameelekea mashariki, kwenye altare. Akasema nyakati zimebadilika. Nikasema magharibi haijabadilika. Siwan yuko juu ya jukwaa, jiwe linaning'inia, anauliza: "Jamani, tunageuza au hatugeuzi? Mikono yangu si ya chuma." Kasisi akasema magharibi. Rhydderch kavimba mpaka jioni.

Idwal alikuwa amekaa ukutani na chupa yake ya chai. Kichwa kilipokaa sawa akaja karibu yangu. "Na jiwe la kaburi la Eirwen linakuja lini?"

"Kaka, tulishaongea. Udongo lazima utulie kwanza. Mwakani."

Akaitikia kwa kichwa. Dakika haikupita. Akauliza tena, maneno yaleyale. Rhydderch alikuwa palepale, akasikia mara zote mbili, na mimi nikamwona anasikia.

Jumapili, 26 Machi

Saa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama huku inavyofanywa kila mwisho wa Machi, na kama kila mwaka nusu ya kijiji imesahau. Idwal kaingia kanisani tunaimba wimbo wa mwisho. Kavaa tai, kaenda mpaka mbele, kaketi, kafungua kitabu. "Mmeanza bila mimi," kasema kwa sauti. Watu wakacheka. Mke wa Huw mchinjaji kaingia nyuma yake, kachelewa vilevile, na hakuna aliyemtazama kwa huruma. Ndicho kinachonikera. Mtu akishawekwa alama, hata akichelewa pamoja na wengine, kuchelewa kwake ni ugonjwa.

Rhydderch kanivuta pembeni. Ati Idwal yuko salama kweli kuishi peke yake? Ati ana namba ya Lowri, kama nikihitaji msaada. Nikamwambia kaka yangu yuko salama kuliko kamati yako. Jibu zuri, lakini nimefika nyumbani mwenyewe siliamini.

Kwa sababu lile swali la jiwe aliuliza mara mbili. Mimi nilisikia pia.

Jumatano, 29 Machi

Mvua imetuachia siku moja na watu wote wamehamia makaburini. Ndoo, brashi, majembe, chupa za chai. Kung'oa magugu, kusugua ukungu, kisha kupaka chokaa mawe na kingo za marehemu wao, ili Jumapili kila kaburi liwe jeupe na maua juu yake. Familia ambayo kaburi lao halijapakwa, wiki nzima inasemwa.

Na chokaa wanachukua wapi? Kwa Idwal. Yeye ndiye anayeizima kwa maji kwenye pipa nyuma ya nyumba, kama baba alivyofanya, na wote wanapanga mstari na ndoo zao. Leo hakuna aliyeuliza kama yuko salama. Huw mchinjaji alitaka kuongeza maji, akapigwa kikofi mkononi. "Unapaka kaburi la mama yako au unapika uji?"

Mkono wake haujasahau kitu. Kapaka ukingo wa baba na mama mstari umenyooka, mimi nafuata nyuma na kitambaa. Sijawahi kuaminiwa brashi. Nilipewa mara moja nikiwa msichana, nikampaka babu mpaka jina likapotea.

Alipomaliza, ndoo ilikuwa bado na chokaa. Akasimama nayo mbele ya kaburi la Eirwen. Ni tuta la udongo tu, hatua chache kutoka kwenye msalaba, majani yameanza kuota. Halina ukingo, halina jiwe, halina pa kupaka. Na yale yote yanayolizunguka yanang'aa. Nikamwambia tutalifunika maua ya dafodili tele, halitaonekana.

"Ndiyo," akasema. "Halitaonekana."

Akaenda zake bila kuniaga. Nimekaa jioni nzima nimejichukia. Mtu anakuambia kinachomuuma, wewe unamjibu kwa maua.

Ijumaa, 31 Machi

Siwan kavua magunia. Jua likatoka kidogo, jiwe likawaka kama mkate umetoka sasa hivi jikoni. Nimelia mbele za watu na sijali. Jukwaa wanalibomoa kesho asubuhi. Askofu Jumapili saa tano. Lowri naye anakuja. Keki bado. Sketi bado kupigwa pasi. Sijui nianzie wapi, naanza hiki naacha, naanza kile naacha.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimetoka mapema na maua ya madirishani. Nimepinda kona ya kanisa.

Mweupe.

Msalaba wote. Ngazi, nguzo, kichwa, Yesu, Bikira, Gweirydd na fimbo yake. Umepakwa chokaa kama kaburi la mtu. Nilidondosha maua. Nikayaokota. Nikayadondosha tena, nadhani.

Nikasogea. Hakuna hata tone moja kwenye nyasi. Katikati ya vidole vya mtoto mchanga kumepitishwa brashi nyembamba. Na chini kabisa, kukaribia ardhi, pameachwa ukanda wa upana wa kiganja bila chokaa, ili unyevu usipande ukaibambua. Baba alikuwa anafanya hivyo. Kijiji hiki kimebaki na mtu mmoja tu anayefanya hivyo. Kapanda jukwaa lile, umri ule, peke yake, nikiwa ndani napiga pasi sketi.

Na niseme, maana hapa ni mimi na mimi: ulikuwa mzuri. Nilitaka kupiga yowe na bado nikaona kwamba ni mzuri.

Rhydderch kafika na utepe wake mkononi. Kasimama. Karudi nyuma hatua kadhaa, kaangalia tarehe kwenye simu. "Siku ya wajinga," kasema. "Ni wale vijana wa raga." Kawaka moto papo hapo: mwaka jana walilivika sanamu la shujaa sidiria, mwaka huu wamefanya hili, na safari hii ni polisi, si mchezo.

Nikamsihi tumwite Siwan kwanza, labda inasuguliwa ikatoka. Nilishakwenda kuchukua ndoo ya maji. Siwan kaja na gari lake la kazi, kagusa kwa kidole, kaguna. "Msiiguse. Maungio hayajakomaa. Mkisugua sasa mtatoa hii pamoja na ile iliyoshika kichwa, na kichwa kikimwangukia askofu msiniite mimi." Ati iachwe, mvua zitaila polepole, miaka miwili mitatu. Ati hata zamani misalaba ilipakwa chokaa na rangi, haina madhara. Rhydderch akasema hatukukaa vikao miaka yote hii ili tufanane na zamani. Nikaona Siwan anamtazama, kisha anautazama huo msalaba wetu wa zamani, kisha anaamua kwenda kunywa chai.

Kwa hiyo haitoki. Kesho askofu atauona. Lowri atauona.

Nikaenda kwa Idwal. Anakula yai. Vidole vimepasuka kwa chokaa, kucha nyeupe.

"Umefanya nini?"

"Nimepaka jiwe."

"Jiwe la nani, Idwal?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgeni. "La nani tena?"

Nikakaa. Nikamwuliza taratibu — na nikajisikia ninatumia sauti ya Lowri, nikaona aibu — nikamwuliza kama alijua kwamba ule ni msalaba.

"Mimi nimezaliwa hapa, Tegwen. Msalaba siujui?" Akachovya mkate kwenye yai. "Wote wana jiwe. Yeye hana. Na lile limesimama pale pale kichwani kwake, halina mwenyewe."

"Lina mwenyewe. Ni la kanisa. Ni la—" Nusura niseme ni langu.

"Basi kanisa limempa," akasema. "Kapendeza, sivyo?"

Na hapo ndipo nilipo, kalamu mkononi, kichwa kinawanga. Sijui. Haki ya Mungu sijui kama alisahau kuwa ni msalaba, au alijua vizuri kabisa akafanya kusudi. Na kila upande ni shimo. Nikisema alisahau, Lowri anamchukua kesho hiyohiyo. Nikisema alijua, Rhydderch anamwitia polisi, mzee aliyeharibu mnara wa kale, na Lowri anamchukua Jumatatu badala ya kesho. Nikinyamaza, vijana wa raga wanabeba lawama wasiyoijua, na Idwal hatanyamaza, maana hajui kama kuna cha kunyamazia.

Keki zimeungua. Nilizisahau ndani ya jiko zikawa makaa, moshi mpaka barabarani. Jirani kaja kuchungulia.

Jumapili, 2 Aprili, alasiri

Niandike haraka kabla sijaanza kujiuliza.

Makaburi yote meupe, dafodili, watu wamejaa mpaka nje ya lango. Askofu kashuka kwenye gari, kauona msalaba, kasema, "Lo, mmeupamba." Rhydderch akamrukia. Akaomba radhi kwa niaba ya kijiji kizima, kwa sauti yake ile ya gwaride la asubuhi: uharibifu, ukosefu wa heshima, wahusika wanajulikana, kesho polisi. Akamtazama Deian, mtoto wa Huw mchinjaji, nahodha wa raga, jitu zima limesimama na maua ya kaburi la bibi yake. Mama yake akaanza kulia. Deian akasema hakuwa hata kijijini. Mtu nyuma akasema ndivyo wanavyosema wote.

Idwal alikuwa karibu yangu, mkono mmoja kwa Lowri, mwingine umeshika maua. Nikaona anafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema.

Nikarudia. Nimeupaka mimi.

Rhydderch akasema, "Wewe, Tegwen? Kwa nini?"

Na mimi, mwenye akili nyingi, nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa swali hilo. "Makaburi yote yalikuwa meupe," nikasema. "Msalaba peke yake ukaonekana mchafu."

Nilitegemea atafoka. Nilikuwa nimejikaza kisabuni kusubiri afoke. Hakufoka. Uso wake ukalegea. Akanishika bega. "Ulisahau kwamba ni msalaba?" akauliza, taratibu, na pale pembeni nikaona kichwa cha Lowri kinanigeukia.

Idwal akacheka. "Muongo mkubwa huyu. Nimepaka mimi. Tegwen hajui kupaka hata siagi kwenye mkate."

Watu wakaangalia viatu vyao. "Sawa, baba," akasema Lowri.

"Nakwambia ni mimi. Angalia mikono."

"Ndiyo, baba. Ulitengeneza chokaa, najua. Sawa."

Pale palikuwa na mtu mmoja anayesema kweli, na ndiye hakuaminiwa. Mimi nimesema uongo mbele ya askofu, ukapokewa kwa upendo. Mama yake Deian akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba bibi yake Deian naye alianza kusahau hivihivi.

Askofu kaunyunyizia msalaba maji, kasoma sala yake, kasema nyeupe ni rangi ya Pasaka na sisi tumetangulia wiki moja tu. Watu wakashukuru kupata cha kucheka. Idwal katandaza maua yake yote kwenye tuta la Eirwen, kisha kavua kofia, kautazama msalaba tangu chini mpaka juu. Aliridhika. Miezi yote hii sijamwona ameridhika na kitu. Nikasema moyoni, basi, na mimi nimeridhika, wacha waseme.

Siku yangu hiyo, niliyoisubiri miaka. Nilikaa benchi la nyuma na hakuna aliyetaja jina langu kwenye hotuba. Nimeumia. Sijutii, lakini nimeumia.

Lowri kasema hatarudi Cardiff leo. Nilidhani atalala kwa baba yake. Kaleta mkoba wake kwangu.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimeamka nimekuta Lowri jikoni kwangu, kafungua jokofu, ananusa vitu. Jibini katupa. Lilikuwa jibini zuri, lile la bluu, hunuka hivyo. Nikamwambia. "Najua, shangazi," kasema, akaendelea kutupa. Sauti ile! Kwangu mimi! Kanitilia uji kwenye bakuli, kanifungia leso shingoni, nikaivuta nikaitupa kwenye sinki, na hapohapo nikaona amekiweka akilini hicho nacho: hasira za ghafla.

Ameongea na watu, inaonekana mpaka jana jioni. Jirani kamwambia kuhusu keki na moshi. Kamwambia kwamba wiki mbili zilizopita nilionekana nimesimama kwenye baridi nikitazama magunia, nikaenda nyumbani, nikarudi kutazama magunia. Kwamba nilifua mapazia na kuyaanika kwenye mvua. Ilikuwa haijaanza kunyesha nilipoyaanika! Lakini jinsi alivyovipanga, kimoja baada ya kingine, kwa huruma, nilianza mwenyewe kumwonea wasiwasi huyu mama anayezungumziwa.

Saa nne Rhydderch kapiga simu. Kamati imekaa. Wananishukuru sana. Wanaona nipumzike kazi yangu ya mzee wa kanisa kwa muda, na wanauliza kama Lowri anaweza kuwapelekea ufunguo wa kanisa ninaoutunza. Habari ya polisi imekwisha kabisa, nisiwe na wasiwasi, hakuna anayenikasirikia. Ningependa akasirike. Kwa miaka yote nimegombana na mtu yule, na nimegundua leo kwamba ugomvi wake ulikuwa heshima.

Nikasema liwalo na liwe, namwambia Lowri ukweli. Nimevua aproni, nimemwita akae. Hapo Idwal akaingia kwa mlango wa nyuma. Kanyoa ndevu. Shati safi, vifungo vyote mahali pake. Kaleta maziwa, kaleta mkate, kaketi, kamwambia Lowri kwa sauti tulivu kabisa:

"Wewe mwanangu nenda kazini. Shangazi yako nitamwangalia mimi. Ukuta wetu ni mmoja, akikohoa nasikia. Nitampikia, nitamfungia jiko jioni. Hawezi kuachwa peke yake hivi alivyo."

Lowri akamtazama baba yake kama hajamwona tangu msiba. Akauliza kama anaweza kweli. Idwal akasema alimwangalia Eirwen mpaka mwisho, atashindwa dada yake? Na Lowri, machozi yakimlengalenga, akasema kweli, baba, ukija Cardiff nani atabaki naye.

Kwa hiyo hapo ndipo ilipofika. Nikiwa mzima, anaondoka. Nikiwa mgonjwa, anabaki.

Lowri akavuta kiti mbele yangu, magoti yake yamegusa yangu. Kasema anataka kuniuliza maswali machache tu, ya kawaida, kabla hajampigia daktari, na nisiogope. "Shangazi. Leo ni siku gani?"

Idwal alikuwa nyuma yake, anamimina chai. Akasimamisha birika. Akanitazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, hivi. Au shingo ilimuuma. Sijui, na nimekaa naye maisha yangu yote.

"Alhamisi," nikasema.

Lowri kanibusu kwenye paji la uso. Sasa yuko bustanini na simu, namwona dirishani, anatembea huku na huku, mkono umefunika sikio. Ameshazungumza muda mrefu. Idwal kaniletea chai yangu, kakaa kwenye kiti chake, kafungua gazeti, anapiga mluzi. Chai ina sukari vijiko viwili. Mimi situmii sukari, na yeye anajua. Au alikuwa anajua. Eirwen ndiye aliyekuwa anatumia viwili.

Nimeinywa.